Barabara ya ndani ina namba gani? Majibu kwa wakazi wa mitaa yenye barabara za kibinafsi

Barua za safari hii zinatoka viungani mwa Nairobi: Ruiru, Kitengela, Syokimau, Rongai na Joska. Zote zinahusu mashamba yaliyokatwa ploti kwa mamia na kuchorwa barabara za ndani, kisha wanunuzi wakaachiwa barabara hizo wazitunze.

Mhariri, mtaa wetu una ploti 310. Kampuni iliyotuuzia ilimaliza kuuza mwaka wa 2016, ikafunga ofisi. Sasa kamati ya wakazi inasema kila mwenye ploti ni mwanachama, apende asipende, na lazima alipe. Wana haki hiyo? Na barabara ni ya nani?
*Mkazi wa Ruiru*

Tuanze na swali la pili, maana ndilo limebeba la kwanza. Nenda ofisi ya upimaji ardhi uombe ramani ya usajili ya eneo lenu, halafu utazame barabara imechorwaje. Kuna hali tatu.

Ya kwanza: barabara imechorwa lakini haina namba yake. Hapo kwa kawaida aliyegawa shamba aliiachilia iwe ya umma wakati wa mgawanyo, na barabara za namna hiyo ziko chini ya serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya barabara za kaunti pamoja na taa za barabarani. Kwamba greda ya kaunti haijawahi kukanyaga hapo ni shida nyingine. Mwenyewe ni yule yule.

Ya pili: barabara ina namba kama ploti nyingine yoyote. Fanya upekuzi wa namba hiyo kwenye sajili ya ardhi uone jina la nani limeandikwa. Mara nyingi ni la kampuni iliyowauzia. Ukishapata jina, omba fomu ya CR12 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Itakuonyesha wakurugenzi ni akina nani na kama kampuni ingali hai. Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu kampuni ikifutwa kwenye orodha ya msajili, mali iliyobaki kwa jina lake huangukia serikali, na kuirudisha ni safari ya mahakamani.

Ya tatu: hati mama, yaani hati ya shamba zima kabla ya kukatwa ploti, haikuvunjwa. Nyinyi mna hati za kukodi za miaka 99 au 999, na barabara, lango na uwanja vimebaki kwenye hati mama, inayotakiwa kupitishwa kwa kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye ploti ana hisa moja ndani yake. Huu ndio mpango ulio bora kuliko yote kwa mtaa mkubwa, na ndio unaoachwa nusu mara nyingi zaidi: hisa hazikugawiwa, hati haikupitishwa, na wenye mradi wangali wakurugenzi miaka kumi baadaye.

Sasa kamati. Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema mtu hatalazimishwa kujiunga na chama cha aina yoyote. Kwa hiyo kamati haiwezi kukufanya mwanachama kwa tangazo la WhatsApp. Lakini usishangilie upesi. Uanachama ni jambo moja, na deni la mkataba ni jambo jingine. Fungua mkataba wako wa ununuzi au hati yako ya kukodi utafute sehemu inayosema mnunuzi atachangia gharama za barabara, ulinzi na mitaro. Ikiwepo, unadaiwa hata kama hujawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja. Isipokuwepo, kamati inakuomba tu, haikudai.

Kwa ploti 310 tungeshauri mfungue kampuni isiyo ya hisa, yenye ukomo wa dhamana (kila mwanachama hudhamini kiasi kilichotajwa tu iwapo itafungwa), chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015. Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama ni rahisi kuanzisha, watu kumi wanatosha, ila hakina nafsi ya kisheria: kinashtaki na kushtakiwa kupitia maofisa wake, na kumiliki barabara kwa jina lake ni mashaka matupu. Kampuni inaweza kumiliki namba ya barabara na kudai madeni kwa jina lake. Gharama yake ni kwamba lazima iwasilishe taarifa kwa msajili kila mwaka. Mkisahau miaka kadhaa, kampuni yenu nayo inaweza kufutwa kwenye orodha.

Na kama ardhi yenu ingali imesajiliwa kuwa ya kilimo, uhamisho wa namba ya barabara unahitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, inayoombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Bila idhini hiyo mkataba ni batili, hata kama kila mtu alitia sahihi huku akitabasamu.

Ploti 240, zilizojengwa ni 96. Kila mwaka sisi tunaoishi hapa tunachangishana muramu, na kila mwaka mvua inaubeba. Wenye ploti tupu wanasema hawatumii barabara. Mmoja amejenga ghorofa ya nyumba 12 na analipa sawa na mjane wa nyumba moja. Tugawane vipi?
*Mweka hazina, Kitengela*

Mnagawana vibaya kwa sababu mnagawana kitu msichokijua ukubwa wake. Pimeni kwanza. Tuseme barabara zenu zote zina urefu wa kilomita 3, sehemu ya kupita magari ina upana wa mita 5, na tabaka la muramu lililoshindiliwa linatakiwa liwe na unene wa sentimita 15. Kilomita moja ni mita 1,000 × 5 × 0.15, yaani mita za ujazo 750. Huo ni muramu ulioshindiliwa. Ukiwa kwenye lori haujashikana, kwa hiyo ongeza karibu asilimia 30: mita za ujazo 975. Lori la magurudumu kumi hubeba takriban mita 12 za ujazo, basi ni lori 81 kwa kilomita, au 243 kwa mtaa mzima. Tabaka likitunzwa vizuri, tuchukulie litahitaji kurudishwa kila miaka 5. Maana yake mtaa wenu unakula lori 49 kwa mwaka, mnunue msinunue.

Weka bei ya kwenu. Kwa mfano tu: lori likifika kwa KSh 15,000, muramu ni KSh 735,000 kwa mwaka. Ongeza greda, mtambo wa kushindilia na bauza (lori la maji), tuseme jumla ifike KSh 1,100,000. Ukigawanya kwa ploti 240 ni KSh 4,583 kwa mwaka, chini ya 400 kwa mwezi. Ukigawanya kwa nyumba 96 ni KSh 11,458. Tofauti hiyo ndiyo ruzuku mnayowapa wenye ploti tupu, ambao bei ya ardhi yao inapanda kwa sababu ya barabara yenu.

Ndiyo maana ada inatakiwa igawanywe sehemu mbili. Sehemu ya umiliki inabeba barabara, mitaro, makalvati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara), ukuta na akiba. Hulipwa na kila ploti, iliyojengwa na isiyojengwa. Sehemu ya makazi inabeba taka, taa na walinzi; hulipwa na kila kaya inayoishi hapo. Ulinzi unabishaniwa sana, na tunaona ploti tupu ilipe robo ya mgao wa kaya moja, kwa sababu mlinzi ndiye anayezuia mtu kumwaga vifusi humo au kuiuza mara ya pili.

Ghorofa ya nyumba 12 ni kaya 12 kwenye sehemu ya makazi, hilo halina mjadala. Kwenye barabara, kuitoza migao 12 ni kumwonea, kuitoza mmoja ni kuwaonea wengine. Kanuni inayokubalika na wengi ni mgao 1 kwa nyumba ya kwanza na nusu kwa kila inayofuata: 1 + 5.5, jumla 6.5. Kumbuka kubadilisha na kigawanyo. Ghorofa zikiwa mbili, mtaa hauna tena migao 240 bali 251. Kamati nyingi huongeza ada ya ghorofa na kusahau kumpunguzia mwenye nyumba moja. Akigundua mwaka unaofuata, anaacha kulipa.

Ama kuhusu mvua kubeba muramu wenu: haubebwi kwa kuwa ni haba. Unabebwa kwa kuwa barabara haina mgongo. Katikati ya barabara ya mita 5 inatakiwa iwe juu kuliko kingo kwa sentimita 10 hadi 12, ili maji yakimbilie mtaroni badala ya kutembea juu ya barabara. Mtaro uwe na kina cha nusu mita hivi, na uwe na mahali pa kumwaga maji kila baada ya umbali fulani. Mtaro usio na mwisho hugeuka bwawa. Kalvati za kuvuka barabara zisipungue kipenyo cha milimita 600. Za 450 ni rahisi, lakini zikishika mifuko ya plastiki na tope, mtu hawezi kuingiza mikono na jembe kuzizibua. Na wenye nyumba wanaojaza mtaro mawe ili gari liingie kwao, watozwe gharama ya kuufungua. Mwingilio mmoja ulioziba unaharibu mita mia za jirani.

Kitengela ina balaa yake ya pekee: udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba ukilowa. Muramu ukimwagwa juu yake unamezwa. Lazima udongo huo uchimbwe, kwa kawaida sentimita 30 na zaidi, ujazwe mawe, yashindiliwe, kisha muramu uje juu. Kazi hiyo ni ya mara moja na ni ghali, kwa hiyo ichangiwe kando na ada ya mwaka, kipande kwa kipande, mkianza na langoni ambako kila gari hupita.

Muramu umwagiliwe maji kabla ya kushindiliwa, na tabaka moja lisizidi sentimita 15. Kazi ifanyike Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Mkandarasi anayependekeza kuanza katikati ya Aprili ana greda isiyo na kazi, ndiyo sababu yake.

Mwisho kabisa, malori ya ujenzi. Wahandisi wana kanuni iliyotokana na majaribio ya Marekani ya mwishoni mwa miaka ya 1950, kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa kipeo cha nne (uzito × uzito × uzito × uzito) cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu. Ekseli ya lori yenye tani 8 ni nzito mara 10.7 kuliko ekseli ya gari dogo yenye kilo 750. Uharibifu wake ni karibu mara 13,000. Hesabu hiyo ilifanywa kwa lami na zege, na muramu uliolowa hali yake huwa mbaya zaidi. Anayejenga aweke amana kabla ya lori la kwanza kuingia, barabara ipigwe picha mbele ya lango lake, na arudishiwe salio akimaliza. Mvua kubwa ikinyesha, lango lifungiwe malori kwa saa 48. Sheria hii ya mwisho haina gharama yoyote na ndiyo inayookoa barabara kuliko zote.

Nina deni la ada la KSh 86,000. Mlinzi ameagizwa asiinue kizuizi gari langu likija, jina langu limebandikwa langoni, na mwenyekiti anasema ataweka zuio kwenye hati yangu. Je, inaruhusiwa?
*Mama wa watoto watatu, Syokimau*

Dada, deni ni deni, na kama mkataba unakudai, lilipe au andika barua ya kuomba kulipa kwa awamu. Lakini njia hizo tatu ni mbovu. Ulinunua ploti pamoja na haki ya kuifikia. Kamati haina mamlaka ya kukuzuia kwenda kwako. Ukienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wao ndio watakaojieleza. Jina lako na kiasi unachodaiwa ni taarifa binafsi, na kubandikwa hadharani kunaweza kuwagharimu chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Zuio nalo, yaani maandishi kwenye sajili yanayozuia ardhi kuuzwa au kuhamishwa, ni la mtu mwenye maslahi katika ardhi yenyewe. Deni la ada peke yake halifiki hapo, isipokuwa hati yako ya kukodi imeandika hivyo.

Kwa kamati zinazosoma hapa, kuna njia fupi isiyo na fujo. Tumeni ankara yenye tarehe, miezi na mchanganuo. Baada ya siku 30, ilani ya siku 14. Kisha Mahakama ya Madai Madogo, inayopokea madai yasiyozidi KSh 1,000,000 na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Pelekeni mkataba, kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha ada, na taarifa ya akaunti. Kinachoangusha kesi nyingi ni hicho cha katikati: ada ilipandishwa kwenye kikundi cha simu, hakuna kumbukumbu zilizotiwa sahihi. Na msilale. Deni la mkataba hufa baada ya miaka 6, isipokuwa mdaiwa alilikiri kwa maandishi au alilipa kiasi.

Tumeweka lango na kizuizi mwanzo wa barabara yetu. Shule jirani inalalamika. Tunaweza kuendelea?
*Mwenyekiti, Rongai*

Rudi kwenye jibu la kwanza. Barabara ikiwa ya umma, lango linahitaji idhini ya kaunti, na hata mkipewa hamwezi kumfukuza mpita njia. Ikiwa ni yenu, mnaweza kufunga, lakini chunguzeni kwanza kama shule ina haki ya njia iliyosajiliwa. Vyovyote iwavyo, lango liwe na upana wa kupitisha gari la zimamoto bila kurudi nyuma mara mbili. Mita 4 ndizo za chini kabisa, na tao la juu lisiwe chini ya mita 4.5.

Mkiajiri walinzi, hesabuni zamu kabla ya kutazama bei. Malango mawili, mlinzi mmoja kila lango usiku na mchana, ni zamu 28 za saa 12 kwa wiki. Doria ya wawili usiku ni zamu 14. Jumla 42, kila mlinzi akifanya siku 6, mnahitaji 7, bila kuhesabu wa kushika likizo. Kampuni ikileta bei ya walinzi 6 kwa kazi hiyo, kuna mtu anayefanya kazi siku 7, na huyo ndiye atakayelala saa nane ya usiku.

Mkutano mkuu umeshindikana mara tatu, akidi haitimii. Wengi wako Doha, Dallas na Mombasa. Dalali mmoja huja na barua za watu 40 anaowawakilisha na kupiga kura atakavyo.
*Katibu, Joska*

Akidi ya nusu ya wanachama haifai kwa mtaa wenye mamia ya wamiliki wasioishi hapo. Ishusheni hadi robo, na muandike kwamba isipotimia mkutano unaahirishwa kwa siku 7, kisha waliofika wanatosha. Sambamba na hilo, fungeni mambo mazito: kuuza ardhi ya pamoja, kukopa, au kupandisha ada kwa zaidi ya asilimia 10 yahitaji theluthi mbili ya kura za wote. Bila kufuli hilo, watu kumi na wanane wataamua mambo ya mia tatu.

Kuhusu dalali: mtu mmoja asibebe uwakilishi wa zaidi ya watatu, na kila barua itaje ajenda na mwenye ploti anavyotaka kura yake ipigwe. Walio nje waruhusiwe kuhudhuria kwa video na kupiga kura kwa barua pepe waliyoisajili kwa katibu. Kila barabara ya ndani ichague mjumbe mmoja. Mjumbe wa barabara yenye ploti 25 anawajua wote, na yeye ndiye atakayempigia simu mwenye ploti wa Doha.

Fedha ziende kwenye namba ya Paybill ya kampuni, kamwe si simu ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Akaunti ziwe mbili, ya matumizi na ya akiba ya barabara, na hiyo ya akiba ihitaji sahihi tatu, moja ikiwa ya mjumbe asiye ofisa.

Kisima chetu cha pamoja kinatoa maji ya kutosha lakini mapato hayalipi umeme. Wizi uko wapi?
*Mkazi, Joska*

Huenda hakuna wizi. Linganisheni mita kuu ya kisimani na jumla ya mita za nyumba kwa mwezi ule ule, zikisomwa siku moja. Mita kuu ikisema mita za ujazo 1,200 na nyumba zikatoa 900, robo ya maji inapotea, nanyi mnalipia umeme wa kuyapandisha. Mita hiyo kuu lazima iwepo hata hivyo, kwa sababu kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kinataja kiasi mnachoruhusiwa kuvuta na ada hutozwa kwa kiasi hicho.

Kisha mtafute uvujaji usiku. Jazeni tangi, zimeni pampu, someni mita ya kutoka tangini saa saba ya usiku na tena saa kumi. Watu wamelala, kwa hiyo mshale unatakiwa usimame au usogee kidogo tu. Ukisogea sana, fungeni koki za barabara moja baada ya nyingine, mkisubiri dakika kumi kila mara, hadi mfike kwenye barabara ambayo ikifungwa mshale unasimama. Chimbeni hapo, mkianzia kwenye viungio na mahali bomba linapovuka barabara. Kama mtaa wenu hauna koki za barabara, hiyo ndiyo bajeti yenu ya kwanza ya mwaka ujao, kabla ya taa na kabla ya rangi ya lango.